Nilimsomea Minza Nikikohoa

Mimi nilimaliza dawa za kifua kikuu mwaka juzi, na binti yangu Minza alimaliza zake miezi sita baada yangu. Wanaonifahamu hapa Nyahanga, mjini Kahama, huniambia nimshukuru Mungu, maana wote wawili tuko hai. Namshukuru. Lakini sitaandika habari ya shukrani, kwa sababu nikifanya hivyo nitakuwa nimedanganya tena, na uongo wangu wa kwanza umeshatugharimu vya kutosha. Naandika kwa ajili ya baba au mama ambaye sasa hivi anakohoa, anajiambia ni vumbi, na jioni anampakata mtoto wake.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwendesha karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilianzia Geita nikiwa kijana, nikafanya kazi ndani ya mashimo miaka minne. Nilipooa nikahamia Kahama, nikaachana na mashimo, nikakaa kwenye mashine, na nikajiona nimepanda cheo. Kazi yenyewe ni vumbi tangu asubuhi mpaka unapotoka. Linaingia kwenye kope, masikioni, linaelea juu ya chai. Kila mtu pale alikuwa akikohoa, kwa hiyo kukohoa hakukuwa jambo la kumwambia mtu.

Mke wangu, Mama Minza, ni fundi cherehani. Alikuwa na baraza lake Nyasubi karibu na soko, na alirudi nyumbani giza likishaingia. Mimi nilitoka kazini saa kumi. Kwa hiyo jioni za Minza zilikuwa zangu. Nilimwogesha, nikamkorogea uji, nikajibu maswali yake ambayo hayakuwa na mwisho, maana alikuwa na miaka minne na alikuwa msemaji kuliko sisi wote. Siku moja nikapita kwa muuza mitumba aliyekuwa amenunua vitu vya chekechea moja iliyofungwa: viti vidogo, ubao, rundo la vitabu. Nikachukua kitabu kimoja kwa sababu jalada lake lilinichekesha. Lilikuwa na picha ya punda amelala chali, miguu yote minne juu.

Sikuwa mtu wa vitabu. Nilimaliza darasa la saba, na tangu hapo nilichosoma ni ujumbe wa simu na majina ya mabasi. Lakini kile kitabu hakikuwa cha mtu kusoma peke yake. Punda amekataa kuamka, na kila ukurasa unamwomba mtoto asaidie. Mkune tumbo. Mpulizie sikioni. Inzi ametua puani, mfukuze. Piga chafya kubwa. Mwite jina lake. Hajasikia, paza sauti. Bado, paza tena. Minza alifanya kila alichoambiwa. Alipuliza sikio la punda mpaka karatasi ikalowa mate. Mimi nikampa punda sauti ya mzee mvivu wa kijijini kwetu, na kila alipofumbua jicho moja alisema "Mwangaluka," salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kisha akalala tena. Minza alijua kwamba asubuhi imepita zamani. Alikuwa akimkosoa punda huku anacheka, anashika tumbo, anajilaza kwenye mkeka, halafu anarudi kunikalia mapajani na kudai tuanze upya.

Baada ya mwezi nilirudi kwa yule muuza mitumba nikachukua vyote vilivyobaki vya aina ile, vitano. Kimoja ulitakiwa kukigeuza juu chini ili mbuzi ashuke mtini. Kingine kilikuwa na vidoti vya kubonyeza. Watoto wa jirani yetu Mama Kulwa, mapacha Kulwa na Doto, wakaanza kuja kila jioni. Tulikaa ndani kwa sababu ya mbu, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na pazia. Minza alikuwa na haki ya mapaja yangu. Alipenda kugeuka anitazame mdomoni wakati punda anaongea, pua yake karibu iguse yangu. Nami nilikuwa na utani wangu: katikati ya ukurasa nazima sauti, nachezesha midomo tu kama ninayeendelea kusoma. Wakapiga kelele wote watatu nisome kwa sauti. Nikasoma.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yalikuwa mazuri kweli, na kwa sababu ndiyo njia ugonjwa uliyopita.

Kikohozi kilikuja na mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja. Krismasi ikapita nacho. Nikawa nalala na kuamka shuka imelowa jasho. Suruali za kazini zikaanza kunipwaya, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Hata usomaji ulibadilika. Nilikatishwa na kikohozi katikati ya sentensi, na wale watoto, kwa kuwa ni watoto, wakadhani ni sehemu ya hadithi. Tulipofika kwenye ukurasa wa chafya nilikohoa badala ya kupiga chafya. Wakacheka. Wakaniiga, wakakohoa wote kwa pamoja. Kesho yake waliniomba nirudie, nikarudia. Ikawa desturi kwamba punda wetu ana kikohozi, na kila mmoja anamkoholea ili aamke.

Januari Mama Minza alinikatalia chakula mpaka niende hospitali. Hakuwa anatania, alifunika sufuria akaikalia. Nikaenda. Kliniki ya kifua kikuu ilikuwa nyuma ya majengo mengine, ina benchi mbili nje chini ya bati, na watu waliokaa pale walitazama chini ili wasijuane. Muuguzi aliyenipokea aliitwa Sista Restituta, mama wa makamo, mpole. Aliandika jina langu kwenye daftari kubwa, akanipa vikopo viwili vya plastiki. Kimoja niteme makohozi palepale, kingine nikiamka asubuhi. Nilimwambia kwa sasa hayatoki, nitaleta vyote viwili kesho.

Sikumpelekea. Mwezi mmoja kabla, mwenzetu wa pale kwenye karasha alikutwa na TB. Bosi alimwambia apumzike, na sote tulijua maana ya apumzike. Kikombe chake cha chai kilitupwa jalalani kabla hajafika barabarani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotazama kikitupwa na sikusema kitu. Basi siku ile nilipokuwa natembea kurudi nyumbani na vikopo mfukoni niliona kikombe changu. Nikaingia chooni nikavitumbukiza shimoni, vyote viwili.

Mama Minza aliporudi aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia wamepima, ni vumbi la kazi, litaisha mvua zikikolea. Aliniamini. Akanitafutia asali na tangawizi, akawa ananichemshia kila asubuhi. Na jioni ile ile nikakaa kwenye mkeka nikamsomea Minza.

Mwezi wa nne Minza alianza kuwa mkali. Mtoto aliyekuwa akiamka anaimba akawa anaamka analia, anasema kichwa kinamuuma, hataki mwanga. Alitapika uji. Tukampa dawa za malaria, akawa na nafuu siku mbili, akarudi palepale. Jioni moja nilipofungua kitabu alikisukuma. Alisema punda ana kelele. Nilicheka, nikadhani amepata neno jipya la kuchekesha. Wiki iliyofuata akiwa bafuni na mama yake macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, akaanza kutetemeka. Tulimkimbiza hospitali akiwa amefungwa kwenye kanga, sabuni bado kichwani.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana. Alimpima shingo, akaona haipindi. Kisha akatuuliza nyumbani kuna mtu gani anayekohoa. Mama Minza alinijibia. Alisema baba yake ana kikohozi cha vumbi lakini alishapimwa, hakina shida. Daktari akasema si vibaya kupima tena; Minza akalazwa wodini, na sisi akatutuma kliniki ya nyuma, ile yenye benchi mbili.

Nilijua tunakwenda wapi na sikusema. Tulikaa kwenye foleni karibu saa nzima, Mama Minza ananiegemea begani kwa uchovu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mimi mwenyewe, saa nzima niliyokuwa nayo, na nikaitumia kuhesabu mabati.

Sista Restituta aliponiona alinikumbuka. Alirudisha kurasa za daftari lake nyuma, akaweka kidole.

"Baba, jina lako ninalo," alisema. "Januari. Ulipewa vikopo viwili, hukurudi. Tulipiga namba uliyoacha, haikupatikana."

Mama Minza alinyanyua kichwa begani kwangu. "Alisema mlimpima."

"Hatukumpima, mama."

Hakunitazama. Aliendelea kumtazama Sista, akamuuliza swali moja tu: kama makohozi yale yangeletwa Januari, mtoto angeugua? Sista alijaribu kulikwepa. Alisema mambo haya hayana uhakika, alisema tumshughulikie mtoto kwanza. Mama Minza akauliza tena kwa sauti ile ile.

"Mtu wa nyumbani akikutwa na ugonjwa huu, watoto walio chini ya miaka mitano tunawapa dawa ya kinga," Sista alisema.

"Kwa hiyo Minza angepewa."

"Angepewa."

Mama Minza alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akashukuru, akarudi wodini. Siku hiyo hakunigombeza, wala kesho yake. Watu hudhani ukimya ni nafuu.

Makohozi yangu yalionyesha wadudu wengi. Kwa Minza TB ilikuwa imeshafika kichwani, akapewa rufaa ya Mwanza kwa gari la wagonjwa, na mzazi mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kupanda. Mimi nisingeweza kwenda hata nafasi ingekuwepo. Niliambiwa nianze dawa na nisikae na watu kwa wiki mbili angalau. Nilisimama kwenye geti na barakoa yangu, nikaona mlango wa gari ukifungwa. Mama Minza alikuwa ameshika chupa ya dripu juu. Hakupunga mkono, na ilikuwa haki yake.

Wiki zile nilikaa peke yangu nyumbani. Vidonge vinamezwa alfajiri kabla ya kula, vinne kwa mkupuo. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya Fanta, nikaogopa ingawa Sista alikuwa amenionya. Viungo viliuma kama nimepigwa. Mama Kulwa alipeleka mapacha wake kupimwa; walikuwa wazima, wakapewa kinga. Alikuja kunieleza akiwa amesimama nje ya uzio. Alisema hana neno na mimi. Kisha akaomba sahani yake aliyowahi kutuletea maboga, nikaiweka chini, nikarudi nyuma, ndipo akaichukua. Tangu siku hiyo watoto wake hawajavuka uzio.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka kijijini kuniangalia. Yeye alikuwa na maelezo yake. Alisema mtoto aliyekuwa anaongea vile hawezi kuzimika ghafla bila mkono wa mtu, na akamtaja mjane mmoja aliyeuza dagaa kwenye kona yetu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumsimamisha Minza na kumsifu. Nilipaswa kumkatisha palepale. Badala yake nilinyamaza, na nitasema kwa nini: ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari kusikia mtu akimlaumu mwingine. Nililala usingizi mzuri. Kesho yake mama yangu alikwenda kwenye kile kibanda akamtukana yule mjane mbele ya wateja. Hapo ndipo nikamwambia ni ugonjwa wa hospitali, amwache mama wa watu. Sikumwambia ugonjwa ulitoka kwa nani. Yule mjane alihamisha biashara yake mtaa mwingine, na nikikutana naye ananisalimia vizuri tu, jambo ambalo ni zito kulibeba.

Nilipofika Mwanza, wiki ya nne ya dawa zangu, Minza alikuwa amelala bila fahamu kwa siku kumi na tisa na alikuwa ameamka siku tatu tu. Wodi ilikuwa na vitanda karibu karibu, na akina mama walilala chini kati ya vitanda. Walikuwa wamempa dawa iliyomvimbisha mashavu, uso umekuwa mviringo kama wa mtoto mwingine. Mguu wa kushoto ulikuwa mlegevu. Nywele walizinyoa upande mmoja kutafuta mshipa. Mama Minza alikuwa amekonda kuliko mimi mgonjwa. Nilimkuta mama wa kitanda cha pili, mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa na hali mbaya kuliko wetu, anamsuka. Alikuwa amemwona siku nyingi hajagusa kichwa chake, akamwambia akae chini. Kulikuwa na mhudumu wa usafi aliyetuletea ndoo ya maji ya moto kila asubuhi bila kuombwa. Hawa wawili nawakumbuka kila ninaposali. Sijui majina yao.

Minza alinitambua. Alinyoosha mkono, akasema "Baba," kwa sauti kubwa ya ajabu, mpaka watu wakageuka. Tulifurahi. Tulidhani ni nguvu zinarudi.

Nilikuwa nimekuja na kitabu cha punda kwenye begi. Nilisubiri mpaka alipokunywa uji, nikamwegemeza kwenye mto, nikasogeza kiti mbali kidogo, barakoa usoni. Nilianza kusoma. Aliangalia picha, akaniangalia. Nikafika pale punda anapotakiwa kuitwa, nikanyamaza, nikamsubiri aite. Hakuita. Alikuwa ananitazama usoni anangoja. Nikadhani barakoa inamzuia, na nilikuwa nimeshapewa ruhusa ya kukaa bila hiyo, nikaivua, nikarudia ukurasa.

Minza akaanza kutabasamu. "Baba, soma kwa sauti," alisema.

Nikapaza sauti kidogo. Akacheka. Alinitikisia kidole kama alivyozoea, akasema tena nisome kwa sauti. Alidhani ni ule utani wangu. Aliona midomo inacheza na hakuna kitu kinachotoka, na duniani kwake hilo lilikuwa na maelezo ya namna moja tu, kwamba baba anamchezea. Nikasoma kwa sauti zaidi. Wodi nzima ilikuwa inamsikia punda akisema mwangaluka. Akacheka mara ya tatu, lakini kicheko kilikuwa kimeanza kuisha. Kisha akakasirika. Alinipiga mdomoni kwa kiganja, kofi dogo lisilo na nguvu, akasema, "Soma, baba. Soma," huku machozi yanamtoka.

Mama Minza alichukua mfuniko wa sufuria akaugonga kwa kijiko nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto wa kitanda cha tatu alishtuka. Minza hakupepesa jicho.

Kuna mambo ya vipimo yaliyofuata, na wataalamu, na chumba chenye sponji ukutani. Sitayaeleza, matokeo yake tuliyajua pale kitandani. Masikio yote mawili. Daktari alisema hutokea kwa ugonjwa ule ukishafika kichwani, na kwamba wengi wa watoto wa namna yake hawafiki hata hapo. Alikuwa anatufariji na alisema kweli.

Waliporuhusiwa, wakati pamba inavunwa, Mama Minza hakushuka Kahama. Alinipigia simu akiwa ndani ya basi kuniambia anapitiliza na mtoto hadi Ushirombo kwa wazazi wake. Hakuuliza kama nakubali. Nilibaki na vidonge vyangu. Bosi alishapata mtu mwingine wa karasha. Mwili ulirudi: kwanza njaa, njaa ya kula ugali bakuli mbili na kutafuta kingine, kisha mashavu, kisha nikarudi kwenye tundu la mkanda la zamani. Nilipona vizuri. Niliona aibu kupona vile. Kila kilo iliyorudi niliipeleka kliniki kupimwa, Sista Restituta akaiandika, akanipongeza, na nilitamani asinipongeze.

Nilikwenda Ushirombo kila mwisho wa mwezi. Baba mkwe alinipokea uani, akaniletea kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na hapo maongezi yakaisha. Alijua. Walinipikia kuku kama mgeni, maana ndivyo nilivyokuwa. Minza alikuwa anajifunza kutembea upya akishika kamba ya nguo. Vidonge vyake vilikorogwa kwenye maji kila asubuhi, na bibi yake alimshika pua. Maneno yake yalikuwa yanapungua. Mtoto asiyesikia sauti yake mwenyewe husahau namna ya kusema. Lile nalo sikulijua. Kwanza zilipotea herufi za mwisho, halafu maneno marefu, halafu akawa ananyoosha kidole tu. "Baba" lilibaki muda mrefu, kisha nalo likawa "baa." Nilikuwa na vitabu kwenye begi kila safari na kila safari nilirudi navyo bila kuvitoa. Mara moja nilijaribu kimoja, kile cha vidoti vya kubonyeza. Alibonyeza kimoja, akanitazama mdomoni, akakumbuka kitu, akanyanyuka akaenda kwa bibi yake.

Nilimaliza dawa mvua zilipoanza. Yeye alimaliza mwanzoni mwa kiangazi kilichofuata, upepo wa vumbi ukivuma. Mwezi mmoja baadaye Mama Minza alirudi Nyahanga na mtoto na cherehani yake. Nilikuwa nimeanza kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba, nikaacha nilichokuwa nashika nikasimama. Aliingiza mizigo mwenyewe.

"Sijarudi kwako," aliniambia. "Nimesikia hapa mjini kuna shule ya msingi inayopokea watoto viziwi. Nimerudi kwa ajili ya shule."

Nikamwambia sawa. Tunaishi nyumba moja. Ananipakulia chakula, tunazungumza habari za kodi ya nyumba na za mguu wa Minza. Yeye na Minza wanalala chumbani, mimi nalala sebuleni. Kuna siku amenicheka nilipomwaga mafuta ya baiskeli kwenye suruali, kicheko cha kweli, halafu akakumbuka akaingia ndani. Sijui kama itabadilika. Nikikuambia itabadilika nitakuwa nakuuzia kitu ambacho sina.

Kama umekohoa wiki mbili, nenda. Ukiajiriwa mahali ambapo watatupa kikombe chako, nenda hata hivyo, acha wakitupe. Kikombe ni kikombe. Mwambie mwenzi wako ukweli siku hiyo hiyo, kwa sababu daftari la kliniki linatunzwa. Na kama una mtoto mdogo unayemsomea, fungua dirisha, kaa mbali naye mpaka upone. Atalia wiki chache. Mimi sikutaka Minza alie wiki chache.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tulimpeleka kuandikishwa. Darasa la viziwi ni chumba cha mwisho kwenye shule ile, na tulipofika mwalimu alikuwa katikati ya hadithi, akatuashiria tusubiri mlangoni. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha kwenye kiti mbele yake. Sikuona vizuri kilihusu nini. Niliona kuku na ndoo. Alionyesha picha, kisha mikono yake ikaanza kwenda, na uso wake wote, mashavu, nyusi. Watoto kama kumi na wawili waliokuwa wamekaa chini wakajibu kwa mikono yote kwa pamoja. Kukawa na kelele nyingi, si za maneno. Wakapiga sakafu kwa viganja. Mwalimu akajifanya hakuona, akawaomba warudie, wakarudia kwa nguvu zaidi.

Minza aliniachia mkono. Aliingia, akakaa nyuma ya mtoto wa mwisho, akatazama. Hakujua ishara hata moja. Ukurasa wa pili akaanza kupiga sakafu pamoja na wenzake, na ukurasa wa nne, sijui kuku alifanya nini, alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Ilikuwa imepita miaka karibu miwili bila mimi kuisikia sauti ile. Nilimgeukia Mama Minza kumuuliza nini kimewachekesha. Naye alikuwa hajui. Tulisimama pale mlangoni, watu wazima wawili wenye masikio mazima, hatujui kilichosomwa.

Hadithi ilipokwisha mwalimu alitupeleka kwenye meza yake pembeni ya darasa, akatoa fomu. Jina la mtoto, umri, mtaa. Akauliza kama alizaliwa hivi. Mama Minza akasema hapana, aliugua. Mwalimu akauliza aliugua nini na aliupataje. Mama Minza alikuwa amejibu maswali yote mpaka hapo. Hilo aliliacha. Aliangalia dirishani, mikono yake kwenye mapaja, akangoja.

Katika muda wote ule, hospitalini, Ushirombo, mbele ya mama yangu, mbele ya padri, sikuwahi kulitamka kwa mdomo wangu.

"Nilimwambukiza mimi TB," nilisema. "Niliambiwa nipime, nikatupa vikopo, nikaendelea kumsomea."

Mwalimu hakunyanyua uso. Nafasi ilikuwa ndogo. Niliona anaandika maneno manne tu: TB, kutoka kwa baba. Kisha akaenda kwenye swali lililofuata, ambalo liliuliza mtoto anapendelea nini.

Mama Minza akasema, "Kusomewa."

"Nani huwa anamsomea nyumbani?"

"Kwa sasa hakuna," alisema Mama Minza.

Mwalimu akapiga kistari kwenye nafasi ile, akatugeuzia fomu. Mama Minza akatia sahihi yake kwanza, akanipa kalamu bila kunitazama, na mimi nikatia yangu chini, kwenye mstari wa baba.